Vidonge vya kunenepesha: usimeze, na kama umeshaanza usiache ghafla

Vidonge vinavyouzwa kimoja kimoja sokoni Lubumbashi "kwa kujaza mwili" mara nyingi ni siproheptadini au deksametazoni. Ya kwanza ni dawa ya mzio: inatia njaa na usingizi, bukari na sukre vinafanya kazi iliyobaki. Ya pili ni ya jamii ya kotizoni, dawa kali za kupunguza uvimbe. Inalundika mafuta usoni, tumboni na nyuma ya shingo, inapandisha sukari na presha, huku misuli ya mapaja na mifupa ikidhoofika. Uso wa mviringo ambao majirani wanausifu ni dalili ya madhara ya dawa. Tumelisema mara nyingi, na bado linabishiwa.

Aliyemeza deksametazoni kwa wiki kadhaa asiiache kwa siku moja. Tezi zilizo juu ya figo huwa zimelala, hazitengenezi tena kotizoni ya mwili, homoni yake yenyewe. Dawa ikikatika ghafla, mtu anaishiwa nguvu, anatapika, presha inaanguka, na anaweza kufa. Nenda kituo cha afya na boksi au karatasi ya vidonge, useme ulianza lini na unameza vingapi kwa siku. Munganga ndiye atakayepunguza dozi, hatua kwa hatua. Ukilazwa kwa malaria kali au ukipangiwa upasuaji, waambie tena, hata kama umeshaacha.

Dawa hii hutolewa kwa ordonasi, na kila dawa inayouzwa nchini inapaswa kuwa na idhini ya ACOREP, mamlaka ya kusimamia dawa Kongo. Kidonge kisicho na boksi, namba ya toleo wala tarehe ya mwisho, usikinunue.

Tena, kunenepa tumboni si afya. Kujipima kiuno, chukua metre ya fundi wa nguo. Izungushe kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi, ukishatoa pumzi kawaida. Hatari ya kisukari na ugonjwa wa moyo inaanza sentimita 80 kwa mwanamke, 94 kwa mwanaume. Inakuwa kubwa kuanzia 88 na 102. Wababa wengi wanapima pale mkanda unapokaa, chini ya kitambi, wanapata namba ya kuwafurahisha. Kipimo hicho hakifai. Mama mjamzito hatumii kipimo hiki.

Na kukonda? Aliyekonda bila kujua sababu apimwe kifua kikuu, kisukari na VVU kwanza. Kidonge cha kunenepesha kitaficha ugonjwa, na deksametazoni inaweza kukichochea kifua kikuu kilichojificha.