"Eventually" na "eventualmente": dhana potofu na ukweli

Kielezi cha Kiingereza "eventually" huwatega wanaotafsiri kati ya Kiingereza na Kiitaliano, kwa sababu Kiitaliano kina "eventualmente", neno linalofanana nacho karibu herufi kwa herufi. Mengi yanayoaminiwa kuhusu jozi hii si sahihi.

Dhana: Asili ni moja, kwa hiyo maana ni moja

Asili ni moja kweli: kitenzi cha Kilatini "evenire", kutokea. Ila maneno yenyewe yaliachana njiani. Kiitaliano kilibaki na jambo linaloweza kutokea au lisitokee. Kiingereza kikaegemea jambo linalotokea kweli, baada ya muda kupita. "We will eventually pay" maana yake tutalipa, isipokuwa siku haijatajwa. "Eventualmente pagheremo" maana yake tutalipa ikibidi, na huenda isibidi. Mdai aliyeandikiwa sentensi ya kwanza ana ahadi; aliyeandikiwa ya pili hana.

Kiingereza ndicho kilichojitenga hapa, maana "éventuellement" ya Kifaransa na "eventuell" ya Kijerumani ziko upande wa Kiitaliano. Hata nomino ya Kiingereza "eventuality" imebaki na maana ya kale, jambo linaloweza kutokea, kwa hiyo usikisie maana ya kielezi kwa kutazama nomino yake.

Dhana: "Eventually" ni namna ya kusema "labda"

Kisichojulikana ni lini, si iwapo. "She will eventually understand": ataelewa tu. Kiingereza kikitaka kuonyesha shaka hutumia "possibly" au "perhaps", na kikitaka sharti hutumia "if necessary", ambayo mara nyingi ndiyo tafsiri bora ya "eventualmente".

Kivumishi chake ni hatari zaidi kwenye mikataba. "Eventuali danni" ni hasara yoyote itakayotokea, ikiwa itatokea. Kwa Kiingereza ni "any damage". Ukiandika "eventual damage" umeashiria kwamba hasara itakuja, ni suala la muda tu. Vivyo hivyo "varie ed eventuali", inayofunga ajenda za vikao vya Kiitaliano, ni "any other business", yaani mengineyo.

Dhana: Kwa Kiitaliano ni "alla fine", basi

"Alla fine" inafaa sana kwa wakati uliopita: "They eventually agreed", "Alla fine hanno accettato". Lakini kama walikubali baada ya kupinga, Kiitaliano kina muundo mzuri zaidi, "finire per" ukifuatwa na kitenzi: "Hanno finito per accettare". Kiswahili kina mwenzake kamili: waliishia kukubali. Inasikitisha kwamba wanafunzi wengi hawaufikii muundo huu mapema, ilhali ndio unaobeba ule mvutano uliotangulia.

Kwa wakati ujao, chaguo la kwanza liwe "prima o poi": "Prima o poi capirà". Uhakika upo, tarehe haipo, kama ilivyo kwenye "eventually" yenyewe. Kwa mabadiliko ya polepole, tumia "col tempo": "The colour will eventually fade", "Col tempo il colore sbiadirà". Hakuna anayeishia wala kushindwa hapo; muda ndio unaofanya kazi.

Kosa kubwa ni "finalmente". Neno hili hubeba nafuu ya kitu kilichosubiriwa: "Finalmente è arrivato!" Sasa chukua sentensi "The patient eventually died". Ukitafsiri "Finalmente il paziente è morto", msomaji Mwitaliano atashtuka, kwani umesema kifo hicho kilingojewa kwa hamu. Andika "Alla fine il paziente è morto".

"Infine" nayo kwa kawaida hufunga orodha: kwanza, pili, mwisho. Kiingereza hapo hutumia "finally" au "lastly", kamwe si "eventually". Msemaji wa Kiswahili awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa "hatimaye" yetu hutumika kwa nafuu na pia kwa tukio lililochelewa.

Dhana: Inakaa popote, hata kwenye ukanushi

"He eventually didn't come" inasikika vibaya. "Eventually" hutaka mwendo unaofikia tukio, na kutokuja si tukio linalofikiwa. Sema "In the end he didn't come". Kiitaliano hakina shida hiyo: "Alla fine non è venuto".

Kuhusu nafasi, kiweke baada ya kitenzi kisaidizi na kabla ya kitenzi kikuu ("will eventually pay"). Pasipo kisaidizi, kitangulie kitenzi ("eventually agreed"). Mwanzoni mwa sentensi kinakubalika, kwa kawaida kikifuatwa na mkato. Mwishoni pia: "He'll come eventually". Pasipofaa ni katikati ya kitenzi na yambwa yake. "They found eventually the key" ni kosa linalotokana na Kiitaliano, ambacho huruhusu "Hanno trovato alla fine la chiave". Kiingereza ni "They eventually found the key".