Kwa Nini Huonyeshwi Jalada la Kesi ya Mtoto

Wiki ya Sheria ikifika, na hata baada ya mabanda ya maonyesho kuondolewa, swali hili halikosekani kwenye dirisha la masjala ya mahakama: ikiwa kesi husikilizwa hadharani, mbona nikiomba jalada la kesi ya mtoto nakataliwa? Siku hizi malalamiko yamezidi, na wapo wanaosema Mahakama inawakingia kifua watoto wa wakubwa. Si kweli. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, awe wa Masaki au wa Kilosa. Mahakama ya Watoto huketi faragha: hakimu na watumishi wake, wahusika wa shauri na mawakili wao, mashahidi, wazazi au walezi, afisa ustawi wa jamii, na yule ambaye mahakama imemruhusu mahsusi. Jirani hayumo. Mwandishi wa habari naye hayumo, asipopewa ruhusa hiyo.

Anayedai jalada mara nyingi hajui limebeba nini. Hati ya mashtaka huwa ukurasa mmoja au miwili. Nyuma yake kuna cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki ya kuthibitisha umri, PF3 (fomu ya polisi ya uchunguzi wa kitabibu) yenye maelezo ya daktari kuhusu mwili wa mtoto, na taarifa ya uchunguzi ya afisa ustawi wa jamii. Hiyo ya mwisho ndiyo nzito. Afisa amekwenda nyumbani, akauliza nani analala chumba kipi, baba anakunywa pombe kiasi gani, mama anaumwa nini, mtoto aliacha shule lini na kwa nini. Bibi aliyejibu maswali hayo alijibu ili hakimu apate kuamua vema, hakujibu ili mtaa mzima usome.

Msituletee Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 kana kwamba inafungua kila kabati. Sheria hiyohiyo inaruhusu kuzuiwa kwa taarifa inayoingilia faragha ya mtu.

Jambo jingine linalopotoshwa ni ushahidi. Karatasi kuwa na mhuri wa polisi hakuifanyi kielelezo, yaani ushahidi uliopokelewa na mahakama. Mahakama ya Rufani ilishaelekeza katika kesi ya Robinson Mwanjisi kwamba nyaraka ipokelewe kwanza na mahakama ndipo isomwe. Kwa hiyo picha ya PF3 inayozunguka WhatsApp haimsaidii mlalamikaji hata chembe. Tunawaelewa wazazi wanaoituma kwenye kundi la mtaa kwa uchungu, wakitaka mtuhumiwa aaibike. Lakini jina lililoandikwa juu ya fomu ile ni la mwanao! Katika makosa ya kujamiiana sheria inataka ushahidi utolewe faragha na inakataza kuutangaza kwenye vyombo vya habari. Kuchapisha ushahidi uliotolewa katika shauri lililoamriwa kusikilizwa faragha ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miezi 6. Kuipata nyaraka kihalali hakukupi ruhusa ya kuisambaza.

Sasa utaratibu. Ukiwa mhusika wa shauri, andika barua ukitaja namba ya kesi, mahakama iliyosikiliza, majina ya wahusika, nyaraka unayoomba (hukumu, mwenendo, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa kesini, au kielelezo) na sababu ya kuiomba. Ambatisha kitambulisho. Mzazi au mlezi aonyeshe uhusiano wake na mtoto; wakili aonyeshe kwamba anamwakilisha. Asiye mhusika apeleke ombi kwa hakimu mwenye shauri, maana karani hana mamlaka ya kumfungulia jalada, hata mkiwa mnafahamiana. Mwajiri anayetaka kujua kama kijana aliwahi kushtakiwa utotoni, au mwalimu mkuu anayetafuta sababu ya kumfukuza mwanafunzi, asijisumbue kuja dirishani.

Anayetaka kujua mahakama iliamua nini na kwa sababu gani, asome hukumu iliyochapishwa kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bila malipo. Mara nyingi mtoto hutajwa kwa herufi tu. Ukikuta jina lake kamili limebaki, usisambaze kiungo. Leta namba ya kesi masjala, ili hatua za kuliondoa zianze.