"Kaka, hii si ni ekshen? Stori ya nini?"

Juzi kaja dogo mmoja na flashi yenye dakika 40 za mapigano matupu. Kapiga vizuri, simnyimi haki yake, moshi upo, mataa ya bluu yapo, mvua ya kumwagwa na ndoo ipo, na jamaa wa koti jeusi anaruka toka ghorofani anatua kwa goti moja kama kawaida yao. Nikamuuliza huyu wa koti anamtafuta nani? Akanicheka. "Kaka, hii si ni ekshen? Nani anaangalia stori?"

Basi leo nayajibu maneno yenu moja moja, maana mi mhariri ndo nakesha na hizo klipu nikitafuta pa kukata wakati hakuna kinachoanza wala kinachoisha.

"Picha ikiwa kali, stori itajipa"

Hii ndo inanipandisha presha. Haijipi jamani. Na ukibisha tu wanakutolea muvi ya 300, eti direkta Zack Snyder mwaka 2007 alijaza slomo, zile picha za mwendo wa polepole, na damu mwanzo mwisho akakusanya zaidi ya dola milioni 450. Sawa. Ila hawakwambii kuhusu Sucker Punch ya 2011, direkta huyohuyo. Bajeti dola milioni 82, wakati 300 ilikula kama milioni 65 tu, na dunia nzima ikaambulia milioni 89 na kitu. Toa humo mgao wa majumba ya sinema, toa matangazo, afu nambie kimebaki nini.

Mkono uleule, slomo ileile. Sasa tofauti iko wapi?

Kwenye 300, mkuki haujarushwa hesabu unaijua: Wasparta 300, njia nyembamba pale Thermopylae, Ugiriki, jeshi la Waajemi halina idadi, mfalme kamuaga mkewe na wote wawili wanajua harudi. Mistari mitatu tu, hata bibi yako anaisimulia. Kwa hiyo slomo ikija inakupa muda wa kuogopa.

Sucker Punch je? Binti anaitwa Babydoll, baba wa kambo kamtupa hospitali ya vichaa, anasubiri kupasuliwa ubongo. Kichwani anaigeuza ile hospitali kuwa danguro, afu ndani ya danguro akianza kucheza muziki anahamia ndoto nyingine tena, na huko ndo kwenye majitu ya kisamurai, wanajeshi wa Kijerumani waliofufuliwa kwa mvuke na mashine, joka, treni yenye maroboti. Yaani ndoto ndani ya ndoto. Jitu linamrusha binti mpaka zege linapasuka, anainuka anaendelea kama kajikwaa. Sasa utaogopa nini? Na kila pambano ni lilelile, mzee anatoa maelekezo, wanaenda kuchukua kitu, ramani, moto, kisu, wanarudi. Ni kama kumwangalia mtu anacheza gemu na wewe umepewa pedi ambayo haijachomekwa.

Kinachoniuma ni kwamba dakika za mwanzo za muvi hiyohiyo ni darasa kabisa. Mama kafa, baba wa kambo anakuta urithi wameandikiwa mabinti, mvua, bastola, mdogo mtu naye anakufa, na karibu hakuna anayeongea, ni wimbo na picha tu, ila unaelewa kila kitu na roho inakuuma. Kwa hiyo msinielewe vibaya, sina ugomvi na mbwembwe. Pale picha zilikuwa zimebeba kitu, baadaye zikawa zinajionyesha zenyewe. Mkakasi mtupu.

Mi nimekulia kibanda umiza. Umeme ukikatika katikati ya pambano tulikuwa hatuondoki, tunabaki gizani na joto lile tunabishana steringi atachomokaje na nani kamchoma kwa maadui. Sikumbuki hata mtu mmoja aliyebaki akijadili rangi ya moshi.

Ushauri ninaompa kila mtu na hakuna anayeupenda: kabla hujashuti pambano, lisimulie kwa mdomo kwa mtu anayeosha vyombo, bila kutaja silaha wala staili ya kupigana. Akikuuliza "ikawaje?", nenda kashuti. Akikuuliza "kwani huyo ni nani?", rudi kwenye skripti.

"Stori nyepesi ni sawa na hamna stori"

Hapana. The Raid ya Indonesia, 2011, ilitumia kama dola milioni 1.1. Polisi wamenasa ndani ya ghorofa la bosi wa wahuni, na mmoja wao kaacha mke mjamzito nyumbani, afu ndugu yake yuko humohumo kwa maadui. Basi. Hiyo ni nyepesi na inatosha kukubana mpaka mwisho.

"Kata harakaharaka ndo ekshen"

Mnanitolea Mad Max: Fury Road ya 2015, ina kata kama 2,700, yaani picha inaruka kwenda nyingine mara zote hizo. Kweli, na mhariri wake Margaret Sixel alichukua Oscar. Ila direkta George Miller alitaka kitu muhimu kikae katikati ya fremu muda wote, ndo maana jicho halihangaiki kukitafuta. Wewe ngumi ipo kushoto, kata, sura ipo kulia juu, kata, kiatu. Mtazamaji anaumwa kichwa afu unasema hajui sinema.

"Tatizo letu ni bajeti"

Kule Wakaliga, Kampala, direkta Isaac Nabwana alitoa muvi ya Who Killed Captain Alex? (Nani Kamuua Kapteni Alex?) mwaka 2010 kwa hela ambayo wenyewe wanasema haikufika dola 200, na watu wa nje wanaijua mpaka leo. Komandoo kauawa, kaka yake anataka kujua nani kaua. Swali liko kwenye jina kabisa, wewe dakika 40 hujauliza hata moja.

"Utarekebisha kwenye kuediti"

Siwezi kukata kitu ambacho hukushuti. Nimemaliza.

Yule dogo wa flashi karudi jana. Kaongeza droni.