Volti 12 haipunguzi bili, naomba tumalize hili

"Weka za volti 12 bwana, zile hazili umeme." Kauli hii inauzwa dukani pamoja na taa yenyewe, fundi anaibeba hadi saiti, mwenye nyumba anaipokea na kutoa hela. Mwezi haujaisha uniti zimekatika kama kawaida, inalaumiwa mita.

Mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, haihesabu volti. Inahesabu uniti, na uniti ni wati mara saa, ukagawanya kwa 1000. Wati 60 zikiwaka saa 5 ni uniti 0.3, ziwe zimepita kwenye volti 12 au volti 230. Ndoo ya lita 20 ukiijaza kwa mpira mwembamba wenye presha au kwa bomba nene linalochuruzika, bado ni lita 20. Kinachobadilika ni unene wa bomba unaouhitaji. Na hapo ndipo volti 12 inapokuja kukudai, kwa sababu wati 60 kwenye volti 230 ni ampea (wingi wa umeme unaopita kwenye waya) 0.26 tu, lakini kwenye volti 12 ni ampea 5. Shika hiyo ampea 5, tutairudia mpaka uchoke.

Imani hii ina asili yake, siwezi kumcheka kila anayeishika. Taa za sola za volti 12 ziliingia majumbani zikiwa LED za wati 3, 5, 7, wakati sebuleni bado kuna globu ya wati 60 au 100. Punguzo lilikuwa la LED, sifa ikachukuliwa na volti. Wanaokumbuka spoti za halojeni kwenye dari za jipsamu wajikumbushe: zilikuwa volti 12, wati 50 kila moja. Spoti kumi ni wati 500, na transfoma zake juu ya dari zikitoa joto la bure. Volti 12 ilitumika pale kwa sababu uzi wa taa ya volti ndogo huwa mfupi na mnene, unadumu, na unakaa katikati ya kioo vizuri kiasi kwamba mwale unalengeka unakotaka. Bili haikuwa hoja kabisa.

Ukitaka kuwa mkali zaidi, volti 12 inayotoka kwenye umeme wa gridi mara nyingi inakula zaidi. Globu ya LED ya volti 230 iliyoandikwa wati 9 imeshahesabu ndani yake kinachopotea kwenye draiva, kile kifaa kinachobadili umeme wa gridi uifae LED, iliyofichwa kwenye kitako. Mkanda wa LED wa wati 60 haujahesabu draiva iliyo nje. Draiva yenye ufanisi wa asilimia 85 itavuta karibu wati 71 ili ikupe 60, na mita inaona 71. Kisha kuna fundi anayeweka swichi upande wa volti 12 na kuiacha draiva ikiwa hai usiku na mchana. Draiva inayonyonya wati 1 bila kuwasha chochote ni uniti karibu 8.8 kwa mwaka. Si nyingi, lakini umelipia giza. Swichi ikae upande wa 230, ikate laivu.

Kuhusu globu za kawaida nitakwenda haraka, maana haya yameandikwa kwenye boksi na watu hawasomi tu. Wati ni ulaji, lumeni ndiyo mwanga. Globu ya zamani ya wati 40 ilitoa lumeni 470 hivi, ya 60 karibu 800, ya 100 karibu 1,500. LED nzuri ya wati 9 inafika 800. Kelvini 2700 au 3000 ni mwanga wa njano wa kupumzikia, 4000 ni wa jikoni na mezani, 6500 ni ule mweupe wa duka la simu, na sijui nani aliamua kwamba chumba cha kulala kifanane na duka la simu. Angalia pia CRI, uwezo wa taa kuonyesha rangi jinsi zilivyo: 80 inatosha, 90 kwa kioo cha kujipambia. Ya pini au ya skrubu utachagua kwa holda uliyonayo. Penye umeme wa kupanda na kushuka, tafuta iliyoandikwa 85–265V badala ya 220–240V.

Ile "saa 25,000" kwenye boksi isikupe usingizi mzito. Mwaka mzima una saa 8,760. Saa 25,000 ni karibu miaka mitatu ya kuwaka bila kuzima, na modeli nyingi hazijakaa sokoni muda huo. Namba ile ni makadirio ya chipu, yaani LED yenyewe inayotoa mwanga, inayopimwa kwa muda mfupi kisha mstari unanyooshwa mbele. Kinachokufa kwanza kwa kawaida si chipu, ni kapasita (kipande cha draiva kinachotunza chaji) ndogo kwenye kitako, na kapasita huuawa na joto. Kanuni ya mafundi wa elektroniki ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, maisha yake yanapungua nusu. Globu ileile ndani ya kikombe cha kioo kilichozibwa, chini ya dari inayopakana na mabati, si globu ileile tena.

Sasa turudi kwenye ampea 5, maana hapa ndipo kazi nyingi za jipsamu zinapoharibikia.

Chukua roli moja ya mkanda wa volti 12, mita 5, wati 12 kwa mita. Jumla wati 60. Draiva imewekwa karibu na meni swichi, mkanda uko mita 10. Fundi kavuta waya wa 1.5 (milimita za mraba), safi, shaba halisi. Waya huo una ukinzani wa karibu omu 12 kwa kilomita, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 20: omu 0.24. Ukizidisha kwa ampea 5 unapata volti 1.2 zinazopotea njiani. Asilimia 10. Wengi wanaishia hapo: "asilimia 10 si kitu." Ni kitu, na sababu iko ndani ya mkanda wenyewe.

Utazame mkanda kwa karibu. Utaona LED tatu, kirezista kimoja (kipande kidogo cha kubana mkondo, yaani zile ampea), alama ya kukata; LED tatu, kirezista, alama. LED nyeupe tatu zikifuatana zinachukua karibu volti 9. Volti 3 zinazobaki ndizo zinazoangukia kwenye kirezista, na kirezista ndicho kinachoamua mkondo. Kwa hiyo ukipoteza volti 1, hujapoteza 1 kati ya 12. Umepoteza 1 kati ya 3. Mkondo ukipungua na upotevu njiani unapungua kidogo, kwa hiyo hesabu inatulia mahali fulani: kwa mfano wetu inatulia kwenye ampea 3.6 hivi, na mkanda unapokea volti 11.1. Volti zimepungua asilimia 7 tu, mwanga umeshuka karibu asilimia 30. Mwenye nyumba anaona kabisa, anasema mkanda ni feki.

Rudia hesabu hiyo kwa waya mwekundu na mweusi wa spika, wa 0.5, ambao ndio unaopendwa kwa sababu "ni volti 12 tu, haihitaji waya mkubwa". Ukinzani unapanda hadi karibu omu 0.78. Mkondo unatulia kwenye ampea 2.2 hivi. Mwanga chini ya nusu. Yaani umenunua roli ya wati 60 upate chini ya 30. Na waya wa aluminiamu iliyopakwa shaba, ambao dukani unaitwa shaba tu, hupitisha umeme kwa takriban theluthi mbili ya uwezo wa shaba. Ukwangue kwa kisu: ukiona weupe ndani, umeshaelewa.

Kinachoniudhi zaidi ni "nimepima, volti 12 zipo." Umepima lini? Mkanda ukiwa umechomolewa! Bila mzigo hakuna mkondo, bila mkondo hakuna upotevu, na kipima volti chako kitasoma 12 hata kwenye waya mwembamba kama uzi wa kushonea. Pima mkanda ukiwaka wote, sehemu tatu: kwenye skrubu za draiva, pale waya unapoingia kwenye mkanda, na mwisho wa mkanda. Draiva ikisoma chini ya 12, draiva imezidiwa. Draiva ikisoma 12 na mwanzo wa mkanda 11, tatizo ni waya au kiungo. Mwanzo ukisoma vizuri na mwisho umeanguka, ni shaba nyembamba ya mkanda wenyewe, na dawa yake ni kuulisha pande zote mbili au katikati. Usiunge roli mbili mfululizo kwenye mdomo mmoja. Kila roli ipate waya wake kutoka kwenye draiva.

Kuna dawa ya mkato ambayo ni sumu. Draiva za boksi la bati zina kiskrubu kidogo kando ya milango ya waya, cha kupandisha volti. Fundi anakipandisha hadi 13.2, mwisho wa mkanda unachangamka, anapokea pongezi. Lakini LED zilizo karibu na draiva sasa zina volti 4.2 kwenye kirezista badala ya 3, yaani mkondo umezidi kwa asilimia 40. Baada ya miezi kadhaa unaona vipande vya mwanzo vimegeuka bluu au LED zake zimekufa tatu tatu.

Dawa ya kweli ni volti 24. Wati 60 zinakuwa ampea 2.5, LED sita zinafuatana na kirezista kinabaki na volti 6 hivi. Waya uleule wa 1.5, mita zilezile 10, mwanga unashuka karibu asilimia 9, na jicho halitajua. Kwa mkanda wa zaidi ya mita 5, mimi sioni sababu ya kununua wa 12 isipokuwa una betri. Kama mkanda wa 12 umeshanunuliwa, peleka 230 hadi karibu na taa na uweke draiva hapo, volti 12 itembee mita 1 au 2 tu. Hapa nakiri ushauri wangu unapigana wenyewe: karibu na taa ndiko juu ya dari, na juu ya dari ndiko kwenye joto. Ninachagua kuikweza draiva mbali na mabati, isifunikwe na kitu, na ipite kwenye tundu la spoti ili ivutwe chini siku ikifa. Ukubwa wake uzidi mzigo kwa asilimia 20 au zaidi. Kwa mkanda wa 60 weka ya 80, si ya 60.

Na vitabu vinasema upotevu kwa taa usizidi asilimia 3. BS 7671, kanuni za Uingereza za kufunga umeme, ambazo mafundi wengi wa kwetu wanazifuata, zinatoa namba hiyo. Kwa volti 12 hiyo ni volti 0.36 tu, na kwa mkanda naikubali bila ubishi. Kwa globu za volti 12 zenye draiva ndani, zile za sola zilizoandikwa 10–30V, naona kanuni inakubana bure: draiva yake inajirekebisha, volti zikishuka inavuta mkondo zaidi na mwanga unabaki palepale. Mwanga mzuri si ushahidi kwamba waya unatosha, hata hivyo. Waya unaweza kuwa unapata moto na taa ikacheka.

Spoti za zamani za halojeni: ukichomoa ya wati 50 na kuchomeka LED ya wati 5 kwenye transfoma ileile ya elektroniki, itapepesa au haitawaka. Soma mgongoni mwa transfoma. Kama imeandikwa 20–60W, inataka angalau wati 20 ili iamke. Toa transfoma, weka draiva ya LED ya DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), au toa kila kitu uweke holda na spoti za GU10 (kitako cha pini mbili nene za kuzungusha) za volti 230. Pini mbili nyembamba si ushahidi wa volti 12. Zinauzwa zenye pini hizohizo za volti 220, na ukikosea, ya 220 kwenye volti 12 haiwaki, ya 12 kwenye volti 220 inapasuka. Soma maandishi.

La mwisho ni "volti 12 haina hatari." Kweli haitakurusha. Moto ni habari nyingine. Betri ya sola ya ampea-saa 100 nyaya zake zikigusana inamwaga mamia ya ampea, na waya wa 1.5 unageuka kuwa nyekundu kabla hujafika kwenye ngazi. Fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri, ndani ya sentimita 20 au 30, si kule ukutani kwenye swichi. Ukubwa wake unafuata waya, si taa: ampea 10 kwa waya wa 1.5. Betri hiyohiyo ikiwa inachajiwa hufika volti 14.4, kwa hiyo mkanda wa bei rahisi wa volti 12 tupu uliofungwa moja kwa moja utaumia vilevile kama kwa kile kiskrubu cha kupandisha volti, kila siku jua likiwaka. Pitisha kwenye kirekebishi cha volti 12, kisha uandike volti na wati kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi lake, kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yako.