Je, wajua kwa nini Padri Woodard alijenga kanisa la shule ya Lancing kwa kuanza na kilele?

Lancing ni shule ya bweni ya Kianglikana huko Sussex, kusini mwa Uingereza. Ilianzishwa mwaka 1848 na Padri Nathaniel Woodard, na Trevor Huddleston, aliyekuwa Askofu wa Masasi miaka ya 1960, alisoma hapo.

Kanisa la shule hiyo liliwekewa jiwe la msingi mwaka 1868. Dari lake la mawe liko futi 90 juu ya sakafu, yaani mita 27 na ushei. Kwa miongo kadhaa upande wake wa magharibi ulikuwa umekatika ghafla, kama mkate uliopitishwa kisu. Anayeona picha za zamani huhukumu upesi: padri alianza bila kupiga hesabu, fedha zikamwishia. Kosa hilo linasameheka, maana fedha kweli zilikuja kwa kudunduliza. Ila mkato ule ulitokana na mpango.

Anayejenga kwa kudunduliza huzungusha: msingi wote, kozi ya kwanza pande zote, ya pili, mpaka lenta. Fedha zikikata kwenye kozi ya nane, mrithi hupiga kenchi papo hapo, na mpita njia hajui kwamba ramani ilitaka kumi na mbili. Woodard, kama inavyosimuliwa, alihofia warithi wa namna hiyo. Akaanza mashariki, penye altare, akapandisha sehemu hiyo mpaka juu kabisa kabla ya kusogea magharibi.

Jengo la Kigothi kama hili, yaani la mtindo wa zama za kati wenye matao yaliyochongoka, linaruhusu hila hiyo kwa sababu ni vipande vinavyofanana, kila kimoja na nguzo na matao yake. Dari husukuma kuta nje. Mihimili ya nje huzirudisha. Kipande kinachofuata hakina ujanja, matao yake sharti yashikane na yaliyotangulia kwa kimo kile kile. Ni kama kanzu: upande mmoja ukishafika kifundoni, wa pili hauishii gotini.

Kuanzia mashariki kwenyewe si uvumbuzi. Makanisa mengi ya zama za kati yalianzia huko ili ibada isingoje. Tena hila ya Woodard ililinda kimo tu. Mnara uliokuwa kwenye ramani haukujengwa kamwe.

Woodard alifariki mwaka 1891. Kanisa lilifunguliwa mwaka 1911, na dirisha kubwa la duara likaziba magharibi mwaka 1978, chini ya dari la futi zile zile 90.