Kudurusu ufahamu ni kufanya nini hasa?

Mwanafunzi wa Gredi ya 4, ya 5 au ya 6 anapodurusu ufahamu, anachorudia ni mbinu za kukielewa kifungu. Anajizoeza kuokota habari iliyoandikwa wazi, kuunganisha habari zilizotawanyika katika aya mbalimbali, kukisia jambo ambalo mwandishi hakulitaja, kupata maana ya neno geni kwa kuangalia maneno yaliyolizunguka, na kueleza wazo kuu kwa maneno yake mwenyewe. Kifungu ni cha kufanyia mazoezi tu. Kesho atapewa kingine kabisa, na mbinu zitakuwa zilezile.

Nalisema hili mapema kwa sababu huku Lamu, kama kwingineko nchini Kenya, mtihani wa KPSEA, yaani ule wa kitaifa wa mwisho wa Gredi ya 6, ukikaribia, marudio mengi huenda hivi: kifungu kinasomwa, maswali yanajibiwa, mwalimu anasahihisha, wanageuza ukurasa. Mtoto aliyepata 4 kwa 10 anajua kwamba amekosa, lakini hajui alipopotea. Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani, Dolores Durkin, alichapisha matokeo ya kukaa madarasani akihesabu dakika. Walimu waliuliza maswali mengi ya ufahamu, lakini muda uliotumika kuwafundisha watoto namna ya kuelewa haukufika hata asilimia 1. Kumpima mtoto ni kazi moja, kumfundisha ni nyingine.

Tuchukue kifungu kifupi nilichokitunga kwa ajili ya watoto wa huku:

«Mashua ilikuwa imeshapakia tangu alfajiri. Nahodha aliutazama mchanga ulioanza kuonekana kando ya mikoko, akaketi kivulini. Mwanaisha akamwangalia bibi yake. Bibi akafungua kikapu, akatoa mikate ya mofa na chupa ya chai.»

Mashua ilipakia lini? Jibu limeandikwa, mtoto analigusa kwa kidole. Kwa nini nahodha aliketi? Hapa kidole hakisaidii. Mtoto achukue dalili kutoka kwenye kifungu, yaani mchanga unaonekana, aiunganishe na anachokijua: maji yanakupwa, na njia ya Mkanda, mkondo wa bahari wa kwenda kisiwa cha Pate, haipitiki vizuri mpaka maji yajae. Halafu swali ninalolipenda kuliko yote: bibi alijua nini alipofungua kikapu? Alijua kwamba watangoja sana. Hakuna mtu aliyemwambia, wala mwandishi hakusema. Mtoto anayelijibu swali hili ameunganisha mchanga, nahodha na chakula kwa pamoja.

Marudio yenyewe huanza baada ya jibu kutoka. Mwalimu aulize, «Umejuaje?» na asubiri. Mtoto akisema «nimejua tu», arudishwe kwenye kifungu aonyeshe sentensi iliyompa dalili. Aliyekosa naye aulizwe vilevile, bila kukemewa, kwa sababu mara nyingi alikuwa na fikira nzuri iliyokosa kitu kimoja. Anayesema nahodha aliketi kwa kuwa amechoka hajasema upuuzi. Amejibu kwa anachokijua kuhusu watu, akausahau mchanga.

Sasa mpe kifungu hichohicho mtoto ambaye hajawahi kuona bahari ikipwa. Atayasoma maneno yote sawasawa na swali la pili litamshinda. Na mtoto wa Matondoni, kijiji cha huku kisiwani Lamu, hukutwa na hayohayo anaposoma juu ya mashamba ya chai ya Kericho. Recht na Leslie, watafiti wa Marekani, walionyesha mwaka 1988 kwamba wanafunzi dhaifu katika kusoma, lakini wanaoujua mchezo wa besiboli, walikielewa kifungu kuhusu mchezo huo vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwa hiyo kabla ya kusema mtoto hana ufahamu, tazama kwanza kama anakijua kinachozungumzwa. Dakika tano za picha na maelezo kabla ya kusoma ni sehemu ya somo. Hazipotei bure.

Kusoma kwa ufasaha kusituhadae pia. Watoto wetu wengi wamepita madrasa, ndimi zao ni nyepesi na kila herufi wanaitunza, na hiyo ni hazina. Lakini Gough na Tunmer waliandika mwaka 1986 kwamba kuelewa maandishi kunahitaji vitu viwili pamoja: kuyatamka maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikikosekana, cha pili hakitoshi. Mfano mzuri tunao hapa kisiwani. Katika darsa msikitini, shekhe husoma mstari, akasimama, akaufungua, akauunganisha na uliotangulia, ndipo akaendelea. Mwalimu wa darasani naye asome aya moja kwa sauti huku akiwaambia wanafunzi anachokifikiria: «Hapa sijaelewa, narudi nyuma. Neno hili silijui, lakini sentensi inayofuata inanionyesha ni chombo.» Watoto wanahitaji kumsikia mtu mzima akitatizwa na maandishi kisha akatoka kwenye tatizo hilo.

Wazo kuu ndilo linalowasumbua zaidi, maana wengi hunakili sentensi ya kwanza. Waambie wafute sentensi moja moja waone habari inapoharibika. Wakisimulia upya kwa Kiamu, lahaja ya huku Lamu, wakasema «mato» badala ya «macho», waacheni wamalize. Wakishashika maana, kuiandika kwa Kiswahili sanifu ni hatua inayofuata, na ni rahisi zaidi.

Kuhusu maswali ya kuchagua, ambayo ndiyo ya KPSEA, jibu lisilo sahihi mara nyingi hubeba maneno yaliyotoka kwenye kifungu chenyewe, na mtoto huyakimbilia kwa kuwa ameyaona. Dawa yake ni kuwataka wanafunzi waeleze kwa nini kila chaguo lililobaki si jibu. Maswali matatu yaliyochambuliwa hivyo ni bora kuliko thelathini yaliyosahihishwa kwa kalamu nyekundu. Wakishazoea, wape kazi ya kutunga wenyewe chaguo la kupotosha. Wataanza kuona mtunzi wa mtihani anavyofikiri.

Mzazi asiyekuwa na nafasi ya kukaa na vitabu anaweza kusaidia vilevile. Mtoto asome barua ya shule au maandishi ya kwenye pakiti ya dawa, kisha aulizwe: imesema nini, tufanye nini, na umejuaje?