Maji kwenye utando wa mapafu siyo lazima iwe kansa jamani

Hapa kwetu Ngamiani mtu akirudi na filamu ya eksirei basi baraza zima ni madaktari, inanyooshwa juani wanasema hii nyeupe yote kansa hii, mjomba wangu alishaanza kugawa mashati kumbe TB ya utando (ile ngozi nyembamba inayofunika pafu), kameza dawa miezi 6 na saa hizi anapiga bao kama kawaida.

Kwa hiyo ile ya "maji = kansa" iacheni. TB, nimonia, moyo kushindwa kazi, figo, vyote vinajaza maji, na kansa nayo inajaza.

Eti eksirei ikiwa safi uko salama? Wapi, maji mpaka yafike kama mililita 200 ndo yaonekane vizuri kwenye picha ya kusimama, ultrasaundi inayaona yakiwa kidogo tu na haina mionzi.

Halafu "utando ukinenepa ndo basi". Hapa ndo patamu, maana anayesoma sitiskani (CT scan, picha ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande) haangalii unene peke yake, anaangalia umenenepaje: unene kuzidi sentimita 1, vinundunundu badala ya kuwa laini, umelizunguka pafu lote kama ganda la chungwa, au umeingia mpaka upande wa ndani unaotazama moyo. Hizo zinatia shaka kweli. Lakini TB ya zamani au usaha wa zamani nao unaweza kulizunguka pafu hivyo hivyo, na kuna kansa isiyoonyesha dalili hata moja kati ya hizo, ndo maana picha inapandisha shaka au inaishusha, haihukumu.

Chokaa kwenye utando watu wanaiogopa bure, mara nyingi ni kovu. Wazee waliokata mabati ya asbestosi wanaweza kuwa na mabaka yenye chokaa, mabaka yenyewe hayageuki kansa ila yanasema huyu alivuta zile nyuzi, na mezothelioma, yaani kansa ya utando wenyewe, huja baadaye sana, miaka 20 mpaka 40 au zaidi. (Vumbi la mkonge msilichanganye humu, ule uzi wa mmea, asbestosi inatoka kwenye mwamba.)

Na wale wa "nenda kapige PET, ikiwaka ni kansa" (PET ni picha inayowasha sehemu za mwili zinazokula sukari nyingi), TB inawaka pia, na utando uliogandishwa kwa talki (unga wanaoutia ili maji yasirudi) unawaka miaka.

Jibu lenyewe linatoka kwenye maji yakivutwa yakapimwa, ila maji ya kansa yakipimwa mara ya kwanza yanaikamata kama mara 6 kwa 10 tu, isipoonekana na shaka ipo wanachukua kipande kidogo cha nyama ya utando wakapime, sindano ikiongozwa na picha mpaka pale penye unene.

Filamu za zamani msitupe wala msiwape watoto wachezee, utando ulionenepa vile vile miaka mitano bila kubadilika unampa daktari picha tofauti kabisa na ulionenepa tangu Ramadhani iliyopita.